Ukuta wa Karthago

Mpishi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba atolewe motoni. Alikuja kabla ya chai ya saa nne, aproni imelowa, mwiko bado mkononi, akasimama chini ya ngazi akiutazama uso wake mwenyewe ukutani. Pale kwenye picha, nyuma ya mgongo wake, nyumba ya ghorofa sita ilikuwa inawaka.

"Fundi, mimi unitoe hapo," Kobia alisema. "Ulinichora kule mwanzo nikibeba magunia bandarini, nikafurahi. Si nilikuletea hata ndizi? Sasa naona niko tena huku, na hii nyumba inaungua."

"Ni mtu yule yule, Kobia. Hadithi imesonga tu."

"Basi isonge bila mimi."

Thuranira alicheka, akachovya brashi katika rangi nyekundu, akaendelea kuwasha paa. Alidhani ni mzaha. Kobia hakuwa na mzaha hata kidogo. Aliondoka akirudi kinyumenyume, kama mtu anayeagana na chifu, na siku hiyo githeri ya fundi ilikuja mahindi matupu, bila harage hata moja.

Ukuta wenyewe ulianzia kwenye bwalo la chakula ukaenda hadi langoni, katika shule ya wasichana iliyo nje kidogo ya Mitunguu, kule chini ambako migomba hunyweshwa kwa mabomba na jua la mchana humfanya hata mbwa asahau kazi yake. Thuranira hakuwahi kupewa ukuta mrefu hivyo. Maisha yake yote alikuwa amechora vitu vidogo: kichwa cha ng'ombe juu ya mlango wa bucha, mwanamke aliyesuka nje ya saluni, utumbo wa mwanadamu kwa shule za msingi. Kisha mashine za kuchapa mabango zikafika Meru mjini, na wenye bucha wakaona afadhali ng'ombe wa plastiki anayekuwa tayari kabla ya jioni. Fundi akabakiwa na kuandika "Choo" na "Maji ya kunywa". Majirani walimtania kwamba ana bahati, maana watu hawataacha kwenda choo.

Aliyemletea kazi hii ni Mwalimu Igoki, aliyefundisha historia na aliyechoka kuwaona wasichana wakikariri miaka kama namba za simu. Alitaka mji mmoja mzima, tangu unazaliwa hadi unakufa. Alichagua Karthago kwa sababu ulikuwa huku huku Afrika, kaskazini, kwenye pwani ya bahari ya Mediterania, na wanafunzi wake waliamini kwamba kila kitu cha maana cha kale kilikuwa ng'ambo.

Kila adhuhuri alikuja na kiti chake, akaketi kivulini na kumsimulia fundi aliyekuwa juu ya ngazi. Alianza na Elisa, binti wa mfalme wa Tiro, hiyo Tiro ya kwenye Biblia, aliyemkimbia kaka yake muuaji na kutua pwani bila shamba wala ndugu. Wenyeji walimwambia achukue ardhi ya kutosha kufunikwa na ngozi moja ya ng'ombe. Elisa akaikata ile ngozi nyuzi nyembamba, akazifunga ncha kwa ncha, akazungusha kilima kizima.

"Huyo mama alikuwa Mmeru," Thuranira alisema. "Mpe mpaka wa ngozi leo, kesho ana hati ya shamba."

Igoki alicheka hadi akashika mbavu. Basi mji ukaota ukutani. Thuranira alichora bandari ya duara ambamo merikebu za vita ziliegeshwa kila moja chini ya paa lake, kama ng'ombe wa maziwa. Alichora matangi ya maji yaliyochimbwa chini ya nyumba, nguo za zambarau, pembe za ndovu, wafanyabiashara waliofika pembe zote za bahari ile na kurudi matajiri. Alimchora Hanibali akivusha tembo milimani kwenda kuwapiga Warumi, na theluji aliiazima kutoka kilele cha mlima wetu, siku ulipokubali kuonekana.

Lakini fundi huyu alikuwa na jambo moja. Hakuweza kuchora mtu ambaye hajamwona. Ng'ombe aliweza, utumbo aliweza. Sura ya mtu ilibidi aiazime. Alimkalisha mtu juu ya mtungi wa maji, akamchora kwa mkaa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, ndipo akampandisha ukutani. Habari zilipoenea, watu walipanga foleni. Kobia akawa mchukuzi wa bandarini. Mlinzi wa lango akawa jemadari. Mwalimu mkuu, Bi. Mukiri, alisema hana muda wa mambo hayo, na alasiri akaja amepaka rangi ya midomo, akawa Elisa. Purity, msichana wa kidato cha tatu, alichorwa akichota maji tangini, na baba yake, Gitobu, mwenyekiti wa wazazi, alipiga picha kwa simu na kuwaonyesha watu sokoni.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza hadithi inaishia wapi. Thuranira mwenyewe alijua, Igoki alishamwambia, lakini mtu akishakaa kwenye mtungi, amechana nywele, ameinua kidevu, utamwambiaje kwamba mbele kuna moto?

Mbele kulikuwa na moto. Warumi walipigana na Karthago mara tatu, na mara ya mwisho waliuzingira mji kwa miaka. Watu walikuwa wameshawapa silaha zao zote wakitaka amani. Walipoona amani haiji, waliyeyusha vyuma vya nyumbani, na wanawake wakakata nywele zao kusokota kamba za mitambo ya kurushia mawe.

"Wote?" Thuranira aliuliza.

"Wanasema wote. Wazee, wasichana, wote."

Hapo ndipo alipokwama. Alihitaji msichana mwenye nywele ndefu, na katika shule ile kila kichwa kilikuwa kimenyolewa. Hakukuwa na wa kuazima. Akaamua, kwa mara ya kwanza, kutunga. Alianza na paji la uso, likatoka la mke wake, Karwirwa. Akaweka masikio, yakawa yake mwenyewe, yale yaliyochomoza kidogo. Akashangaa, akaendelea, sasa polepole. Akaweka jicho, na jicho likamtazama.

Thuranira na Karwirwa walikuwa na mtoto mmoja, Joyline, aliyekufa kwa malaria akiwa darasa la kwanza. Picha waliyobaki nayo ni ile ya kwenye karatasi ya mazishi, mtoto asiye na meno ya mbele. Mwaka huu angekuwa kidato cha tatu. Na huyu hapa alikuwa kidato cha tatu, nywele mabegani, kisu mkononi, midomo imebana kama mama yake anapotia uzi kwenye sindano.

Fundi alishuka ngazi akaketi kwenye nyasi. Alifurahi. Ndiyo, alifurahi hadi akaogopa. Miaka yote hiyo alimkumbuka mtoto yule yule mdogo, asiyekua, na kumbe mkono ulikuwa unamlea kimyakimya.

Hakumwambia mtu. Igoki alipopita aliuliza, "Huyu sijamfundisha mimi. Ni nani?" naye akajibu ni wa kutunga tu. Nyumbani pia hakusema. Jina la Joyline halikutajwa katika nyumba ile isipokuwa pale Karwirwa alipomwita mumewe Baba Joyline, kama alivyomwita siku zote, na hata hapo walilipita haraka. Alikusudia kumleta siku ya wazazi, amsimamishe mbele ya ukuta, anyamaze, amwache aone mwenyewe.

Siku ya wazazi haikufika. Wiki ile ile Kobia alipokuja na mwiko wake, wasichana walianza kupiga mayowe wakati wa masomo ya jioni. Alianza Purity, wakafuata wa dawati lake, kisha bweni zima. Walianguka, wakatetemeka, wakasema moto unatembea. Daktari aliyeletwa alisema ni uchovu na hofu ya mitihani, na kwamba wanahitaji kulala. Daktari hakusikilizwa. Usingizi ni dawa ya kawaida mno, na watu waliokuja na magari hadi shuleni wanataka kuonyeshwa kitu cha kufukuza.

Kilikuwepo, kirefu, kutoka bwaloni hadi langoni. Nyuso za watoto wao zilikuwa ndani ya moto na hata jina la mkono uliowatia humo walilijua.

Mkutano ulifanyika uwanjani, chini ya hema. Gitobu alisimama, kofia mkononi. Hakuwa mtu wa fujo. Alikuwa mkulima wa ndizi ambaye hakuwa amelala.

"Mimi sina ugomvi na mtu," alisema. "Lakini mtoto wangu ni huyo mmoja. Amechorwa akichota maji, sawa. Mbona tena amechorwa akikimbia moto? Na nimeambiwa hao watu wa hiyo mji walikuwa wa Baali. Walikuwa wanachinja watoto wao wenyewe."

"Hayo yaliandikwa zaidi na maadui wao, Mwenyekiti," Igoki alisema. "Vitabu vyao wenyewe vilipotea. Karibu kila tunachojua juu yao tumeambiwa na watu waliowachoma. Wasomi wanabishana mpaka leo."

"Lisemwalo lipo, Mwalimu."

Watu walinguruma kukubali. Bi. Mukiri, ambaye uso wake pia ulikuwa ukutani, mzuri na mwenye taji, alitafuta njia ya katikati. Alisema mzazi asiyetaka uso wa mtoto wake ubaki auonyeshe, fundi ataufuta. Wengine wabaki. Ukuta ni mali ya shule na rangi imeshatumika. Mnong'ono ukapita, wa watu wanaoona hilo si baya. Kobia tayari alikuwa ameinua mkono.

Thuranira, aliyekuwa amesimama nje ya hema, alisogea karibu. Wafute wanaotaka. Wamtoe Kobia, wamtoe Purity, wamtoe hata Elisa. Hakuna mzazi atakayekuja kumdai yule wa nywele. Atabaki, na Karwirwa atamwona.

Wakaandamana hadi ukutani. Kila mmoja alinyoosha kidole kwa wake, na fundi akaweka alama ya chaki. Ilikuwa inakwenda vizuri. Kisha Purity, aliyeletwa ameshikwa mkono na baba yake, akasimama mbele ya wanawake wanaokata nywele.

"Ni huyu," alisema kwa sauti ndogo. "Huyu ndiye ananiangalia."

Gitobu alisogea akamtazama msichana mwenye kisu. "Huyu ni mtoto wa nani?"

Wazazi walitazamana. Walimu walitazamana. Hakuna aliyemjua.

"Fundi, huyu ni wa nani?"

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Thuranira. Ni wangu. Maneno mawili tu. Lakini aliona yatakayofuata: uko wapi huyo mtoto wako? Na angelazimika kusema yuko kaburini, nyuma ya nyumba, chini ya mgomba, na kwamba alimtoa huko akamweka katikati ya watoto walio hai, na kumpa kisu. Wangemwita mchawi kabla hajafunga mdomo. Wangemfuata Karwirwa hadi kanisani.

"Si wa mtu," alisema. "Nilimtunga."

"Hana baba?"

"Hana."

"Wala mama?"

Thuranira alitikisa kichwa.

Gitobu alimvuta binti yake nyuma, akamfunika mabega kwa koti lake. Alipozungumza hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomvunja fundi moyo, kwa sababu hofu ile aliijua. Aliwahi kuwa nayo kando ya kitanda cha hospitali.

"Kama si wa mtu," alisema Gitobu, "anafanya nini katikati ya watoto wetu?"

Baada ya hapo hakuna aliyetaja alama za chaki. Mchungaji aliomba huku ameweka kiganja juu ya mikebe ya rangi ya krimu, na wote wakakubaliana kwamba mkono ulioleta jambo ndio uliondoe.

Alianzia mwanzo, kwa Elisa na ngozi yake ya ng'ombe. Bandari ilikwenda kwa mpito mmoja tu wa roli ya rangi, merikebu zote pamoja na mapaa yake. Tembo walichukua muda kidogo. Wasichana waliokuwa wakipita kwenda darasani waliinamisha macho. Wawili walishika mkono wa mwenzao wakakimbia. Bi. Mukiri alikuja akasimama, akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kwamba hapo patahitaji mtu wa kuandika kauli mbiu ya shule. Thuranira alimshukuru. Ni mama mwenye adabu.

Moto ulikataa. Nyekundu ya mafuta haikubali kufunikwa kirahisi. Unaweka krimu, inakauka, na wekundu unarudi ukiwa waridi, kama kidonda kilichooshwa. Ilibidi kila nyumba inayoungua apake, angoje, apake tena.

Joyline alimwacha wa mwisho. Alianza na nywele. Akafuata kisu, akafuata mkono. Igoki alikuwa ameleta kiti chake kama zamani, lakini hakuwa na hadithi.

"Fundi," alisema, "huyu ulimwazima wapi?"

"Mwalimu, niache nimalize."

Igoki aliutazama uso ukutani, akatazama masikio ya mtu aliyekuwa akipaka, akainuka na kuondoka. Kiti alikiacha.

Thuranira alijichukia. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Aliupitisha mkono juu ya uso wa mwanawe, na kwa kuwa rangi ilikuwa nyepesi, macho yalibaki yanaonekana chini yake, yakimtazama kama mtoto aliye ndani ya shuka. Akangoja ikauke. Akapaka tena, na bado kulikuwa na kivuli cha kidevu. Mara ya kwanza alimfunika kwa sababu ya watu. Mara ya mwisho alimfunika kwa sababu hakuweza kuvumilia kumwona nusu. Alipomaliza, ukuta wote ulikuwa rangi ya uji, safi, na mayowe mabwenini yalikuwa yamekoma siku mbili kabla hajafungua mkebe.

Jumapili hakwenda kanisani. Karwirwa alirudi peke yake mchana, akavua viatu mlangoni, akabaki amesimama na Biblia kifuani.

"Baba Joyline, wanasema kulikuwa na msichana."

Akamwambia. Alimwambia yote: paji la uso, masikio, kisu, swali la Gitobu na jibu alilolitoa. Alitarajia atalia, au atampiga. Karwirwa aliweka Biblia mezani, akaishusha kalenda ya mwaka uliopita kutoka msumarini, akachana ukurasa, akaugeuza upande mweupe.

"Mchore."

Thuranira aliketi barazani, kwenye mwanga mzuri. Mkono ulikwenda bila kusita, mkono wa fundi, na baada ya muda kulikuwa na msichana kwenye karatasi. Macho mazuri, midomo mizuri. Thuranira alimtazama kwa muda mrefu. Hakumjua.

"Huyu ni nani?" Karwirwa aliuliza.

"Sijui."

Akamchania ukurasa mwingine. Aliyekuja alikuwa na kitu cha Purity. Aliyefuata alikuwa na mashavu ya mtu fulani aliyewahi kumwona Nkubu, stendi, au pengine ndotoni. Wote walikuwa wasichana wazuri, wa watu wengine, na kadiri alivyochora ndivyo yule wa ukutani alivyozidi kwenda mbali, hadi akawa hakumbuki tena ni nini hasa alichokosea.

"Wangu hana uso mpana hivyo," Karwirwa alisema.

Thuranira aliinua kichwa. "Wako?"

"Ulidhani ni wewe peke yako umekuwa ukimkuza?" Alisema hivyo bila kumtazama, akikusanya karatasi za sakafuni. "Wangu ni mrefu. Amechukua mabega ya mama yangu. Anabishana sana, hata juu ya chumvi. Viatu vya shule vinamwishia upande mmoja."

"Na uso?" Alikuwa amemkaribia, magoti yao yanagusana. "Niambie uso wake, Mama Joyline. Mimi nitachora unavyosema."

Karwirwa alifungua mdomo. Kule ng'ambo ya ua, maji ya jirani yalikuwa yakizunguka juu ya migomba. Aliinua mikono yake miwili hadi kimo cha kichwa cha msichana mrefu, kama anayetaka kumshika mashavu, na mikono ikabaki pale, hewani, vidole vikitafuta. Thuranira aliweka ncha ya penseli juu ya karatasi, akangoja.